Dakika Arobaini na Moja

Jaipiti aliingia bila kubisha, na kabla mlango haujafungika nyuma yake, kikombe cha chai cha dada yake kilikuwa kimekwisha kupasuka ukutani. Chai ikatiririka juu ya ramani, ikaufuata ule mstari mwekundu ambao Leetia aliuchora kwa rula miaka miwili nyuma, kutoka mji wao wa Tasiujarjuk hadi mji wa Nuvuktiq: kilomita mia mbili na kumi za milima na barafu ambazo hazijawahi kukatwa na barabara.

"Yumo ndani ya ndege ile," alisema Jaipiti. "Usinidanganye."

"Sijakudanganya. Hukuniuliza."

"Nauliza sasa."

"Yumo."

Jaipiti alicheka kicheko kikavu, akalitazama begi lililofichwa chini ya meza. Alilivuta kwa mguu, akalipiga teke hata zipu ikaachia na nguo za dada yake zikamwagika sakafuni, gauni la bluu likiwa juu kabisa.

"Na wewe umejifungasha kama barua," alisema.

Kibanda cha uwanja kilikuwa chumba kimoja tu, chenye meza, redio, simu na dirisha pana la kutazamia njia ya kurukia ndege. Humo ndimo Leetia alimokula mkate wake kwa miaka mitano. Kila saa alitazama mawingu, akapima upepo, kisha akawaambia marubani alichokiona, nao kwa neno lake walishuka au waligeuka. Kazi hiyo hiyo aliifanya kijana Mosesie kule Nuvuktiq. Kwa miaka miwili walipeana habari za mbingu, yeye akimwambia ukungu umelala ghubani, naye akimjibu kwamba kwao theluji imekoma, hata ikafika siku ambayo kila mmoja alijua kwa pumzi tu kama mwenzake amelala vyema au amelia. Hawakuwa wamepata kuonana. Aliyetaka kutoka mji mmoja kwenda mwingine kwa tiketi ya kawaida alishuka kwanza kusini hadi mji mkuu, akalala, akaruka magharibi, akalala tena, ndipo akapanda kaskazini: siku tatu za kuzunguka ili kufika mahali ambapo kunguru angefika kabla ya adhuhuri.

Lakini juma lile injini ya umeme ya Tasiujarjuk ilikufa, na kipuri chake kilikuwa Nuvuktiq. Serikali ikakodi ndege ndogo ikilete moja kwa moja, dakika arobaini na moja za angani. Ingekuja na kipuri na abiria mmoja, na ingerudi na viti vitupu. Leetia alikuwa ameahidi kukaa katika kimojawapo.

Redio ilikwaruza. "Tasiujarjuk, Thibault hapa. Niko dakika kumi magharibi yenu. Niambie, binti, kuna anga huko au nigeuze?"

Leetia alinyoosha mkono kukichukua kipaza sauti. Mkono wa kaka yake ukamwahi, ukamkamata kifundo.

"Mwambie ukungu."

"Jaipiti, tazama dirishani."

"Nimetazama. Mwambie dari ya mawingu iko futi mia moja. Ageuke aende zake."

"Jua linawaka. Naona hadi kilele cha mlima."

"Na mimi naona kaburi." Alikizungusha kifundo kile hadi kitu kikalia ndani yake, na Leetia akauma mdomo asipige kelele. "Huyo bwana yako alisema ukungu siku nne. Siku nne, Leetia. Saila amejikunja tumbo linampasuka, daktari anangoja na ndege inangoja, yeye kakaa kwenye kiti kama hiki anasema ukungu, ukungu, ukungu. Neno moja tu la 'wazi' lingemleta rubani."

"Palikuwa na ukungu."

"Palikuwa na dada yangu."

Maneno hayo yalimchoma Leetia kuliko mkono. Saila alikuwa mkubwa wao. Alikwenda Nuvuktiq kufundisha watoto, akafia huko kwa maradhi ya tumbo ambayo hospitalini ni kazi ya saa moja, na wao hawakuuona hata uso wake. Walipofika mji mkuu katika ile safari ya kuzunguka, walipokewa na simu kwamba amekwisha kuzikwa. Tangu siku hiyo Jaipiti aliapa hakuna mtu wa nyumba yake atakayepeleka mguu Nuvuktiq wala kupokea kitu cha Nuvuktiq. Mara tatu kilikuja kifurushi kutoka huko kwa jina la mama yao, na mara tatu Jaipiti alikirudisha bila kukifungua. Ni Leetia aliyepiga simu kuomba radhi kwa kifurushi cha kwanza. Sauti ya kiume ikamjibu taratibu, "Kilichomo si changu kukisema kwenye simu. Lakini asante kwa kupiga. Kwenu upepo ukoje?" Ndivyo walivyoanza.

"Tasiujarjuk, mmelala?" aliuliza Thibault.

Leetia alikichukua kipaza sauti kwa mkono wa kushoto. Alimtazama kaka yake machoni wakati akibonyeza, na sauti yake ikatoka kavu kama ya siku zote.

"Thibault, anga wazi. Naona maili kumi na tano. Upepo wa kaskazini, kasi ya noti kumi na nane, unapanda. Nyuma ya mlima pana ukuta wa dhoruba, nakadiria utafika baada ya saa moja. Ukishuka, usikae."

Kofi lilimpata kabla hajaachia kitufe. Kiti kikaanguka naye. Jaipiti aliukamata waya wa redio, akauzungusha mkononi mara mbili na kuunyofoa, cheche zikaruka, kisha akaupiga mlango kwa bega na kutoka nje kwenye mwanga mweupe.

Leetia aliinuka akionja chumvi ya damu yake. Hakulia. Aliokota koti na kumfuata.

Ndege ilishuka ikiyumba kwa upepo wa pembeni, gurudumu moja likagusa, likaruka, yakagusa yote mawili. Mlango ulipofunguka, aliteremka kijana mrefu mwenye koti la manyoya ya kulungu wa kaskazini, na mkononi ana kifurushi kilichofungwa kwa kamba ileile ya kijani ambayo Leetia aliijua. Kijana aliangaza macho, akamwona msichana anayekuja mbio ameshika mkono wake, shavu limevimba, akatabasamu na kuacha kutabasamu kwa wakati mmoja.

"Leetia?"

Hilo tu ndilo alilowahi kusema. Ngumi ya Jaipiti ilimfikia mdomoni. Ya pili ikampata sikioni, na akapiga magoti kwenye theluji iliyoshindiliwa.

"Shemeji, karibu," alisema Jaipiti, na kumpiga teke la mbavu. "Umesafiri salama? Ukungu haukukusumbua?"

"Kaka, nisikilize."

"Kaka yako nani?" Teke jingine. "Simama. Simama upigane kama mwanamume."

Mosesie alisimama. Damu ilimchuruzika kidevuni na kuganda ilipokutana na baridi. Alikuwa mpana kuliko Jaipiti, mwenye mikono ya mtu aliyevuta nyangumi majini, lakini mikono ile aliishusha ubavuni.

"Nipige," alisema. "Mimi sitakupiga."

"Kwa sababu wewe mwoga."

"Kwa sababu kwetu yupo mtu anayekuita kaka. Nitamwambia nini nikirudi na damu yako?"

Jaipiti hakuuliza ni nani. Hasira ilikuwa imemziba masikio. Alimvamia kwa kichwa, wakaanguka pamoja, naye akamkalia kifuani na kumpiga usoni, kushoto, kulia, kushoto, kwa mpangilio wa mtu anayepasua barafu. Leetia alimrukia mgongoni, akamvuta nywele, akamng'ata shingo. Jaipiti aliutikisa mwili mara moja, dada yake akatupwa pembeni. Thibault, rubani mnene wa Kebeki mwenye ndevu nyekundu, alikuja na koleo la theluji, akampiga nalo Jaipiti begani kwa ubapa wake.

"Inatosha, mwendawazimu. Ukimuua, nani atanisaidia kushusha kipuri?"

Jaipiti alijiinua akihema. Pale chini kifurushi kilikuwa kimelala. Alikipiga teke kwa nguvu zake zote. Kamba ya kijani ikakatika, karatasi ikapasuka, na vikatoka vitu viwili vidogo vikabingirika juu ya barafu hadi miguuni pa Leetia. Vilikuwa viatu vya ngozi ya sili, kila kimoja si kikubwa kuliko kiganja, visigino vimelika kwa kutembewa.

Jaipiti alivitazama. Kisha akamtazama Mosesie.

"Kumbe una mtoto," alisema kwa sauti ya chini, iliyokuwa mbaya kuliko kelele. "Umezaa huko, mama wa mtoto kakukimbia, sasa umekuja kuchukua yaya."

"Sivyo ulivyo—"

"Mmoja mmemzika. Huyu hamumpati."

Akageuka, akaenda kwenye pikipiki yake ya theluji, akachomoa bunduki anayotembea nayo kwa ajili ya dubu. Thibault aliliacha koleo likaanguka. Leetia alisimama mbele ya Mosesie akiwa amekunjua mikono kama ndege anayefunika kiota.

"Ondoka, Leetia. Si yeye nimpigaye. Ni gurudumu. Ndege hii hairuki leo, wala kesho, wala pamoja na wewe."

"Basi nipige mimi kwanza."

"Usinijaribu."

"Tangu Saila afe umekuwa ukitafuta wa kumpiga. Umepiga mbwa, umepiga milango, umenipiga mimi. Amerudi?"

Mdomo wa bunduki ulitikisika. Kisha risasi ikatoka. Haikupiga gurudumu. Ilichimba barafu hatua mbili kutoka mguu wa dada yake, vipande vikamkata usoni, na mlio ukaenda mlimani na kurudi.

Ndani ya ndege, mtoto alianza kulia.

Kwa upande wa nyumba alikuwa akija Aaju, mama yao, bila kofia wala glavu, kwa kuwa aliusikia mlio akajua bunduki ya nani. Alifika uwanjani wakati Mosesie, uso umefumuka, akitambaa kuingia ndegeni. Kijana alitoka na msichana wa umri wa miaka mitatu hivi, aliyevikwa ngozi za sungura, machozi yametanda mashavuni. Mtoto aliwaangalia watu wale mmoja mmoja. Alipofika kwa Jaipiti, aliacha kulia. Alimwelekezea kidole.

"Kaka," alisema. "Kaka Jai."

Hakuna aliyejongea. Upepo ulipita katikati yao ukiburuta karatasi ya kifurushi.

"Huyo nani?" aliuliza Aaju.

Mosesie alipangusa mdomo kwa mkono wa koti ili aseme kwa adabu. "Mama, dada yangu alimzaa siku ya tisa baada ya mazishi ya mwanao. Mama yangu ndiye aliyemwosha marehemu na kumvisha, na ndiye aliyempa mtoto huyu jina. Anaitwa Saila. Picha yenu iko ukutani kwetu, ile aliyokuja nayo mwalimu. Kila siku anafundishwa: huyu mama, huyu mdogo wako Leetia, huyu kaka yako. Viatu vyake vya kwanza vilikuwa haki yako, mama wa jina lake. Tumevileta mara tatu. Nikasema mara ya nne aje mwenyewe."

Kwa watu wa pande zile, jina halifi pamoja na mwenyewe. Humngoja mtoto, na mtoto akilipokea, hupokea pamoja nalo mama, na ndugu, na mahali pa kukaa katika moyo wa kila mmoja wao. Hayo Aaju hakuhitaji kuelezwa. Alipiga magoti kwenye theluji kwa mikono mitupu, na mtoto, kana kwamba ameitwa, akateremka na kwenda kwake kwa hatua zake fupi.

"Umechelewa, mwanangu," alimwambia. "Mama alikwisha kukungoja sana."

Akamtia kifuani, akaweka pua yake katika shavu la mtoto na kuvuta pumzi, kwa muda mrefu, kama aliyetoka chini ya maji. Aliponyanyua uso, hakumtazama mgeni bali mwanawe wa kiume.

"Mara tatu," alisema. "Mara tatu, Jaipiti, umemrudisha dada yako kutoka mlangoni kwangu."

Bunduki ilianguka. Jaipiti aliinama, akaokota kiatu kimoja, akakigeuza kuuona ule upande uliolika, na kisha mtu huyo ambaye hakulia alipopokea simu ya kifo, wala mwaka ule wote, alikaa chini na kuanza kuipiga barafu kwa ngumi zake zilizokwisha kuchanika, akipiga na kupiga hadi Mosesie alipoenda kumshika.

"Inatosha, kaka."

"Niambie kweli," alisema Jaipiti bila kuinua kichwa. "Siku zile nne. Hukutamani kusema uongo?"

"Siku ya tatu nilikibonyeza kitufe. Neno lilikuwa mdomoni. Nilimsikia Saila analia kutoka nyumba ya tatu." Alitema damu. "Lakini mlima niliujua ulipo, na rubani asingeuona."

"Rubani alikuwa mimi," alisema Thibault, ambaye hakuna aliyekumbuka kwamba alikuwa akisikiliza. "Nilizunguka juu yake saa nzima namtukana. Angesema wazi, ningeshuka. Mke wangu ana watoto watatu, bwana. Mpaka leo wana baba."

Mosesie alimgeukia Leetia sasa, kwa jicho moja, la pili limefumba kwa uvimbe, na wakatazamana kwa mara ya kwanza bila mlima kati yao.

"Wewe ni mfupi kuliko sauti yako," alisema.

"Na wewe ulikuwa mzuri kwa dakika moja hivi. Nilikuona."

Alicheka, mbavu zikamkata kicheko. Leetia alimgusa kidevu palipoganda damu, kwa vidole vilivyozoea kuandika kasi ya upepo.

Thibault na vijana wa umeme waliokuja na gari walishusha kipuri. Kaskazini, ule ukuta wa kijivu ulikuwa umekwisha kumeza nusu ya mlima.

"Robo saa," alisema rubani. "Baada ya hapo hakuna atakayeruka, na ndege ya moja kwa moja nyingine siioni kabla ya Juni. Binti, unapanda?"

Leetia aliitazama ndege. Aliutazama mlango wa kibanda uliokuwa ukipigwa na upepo, na waya ulioning'inia ndani yake. Mwenzake wa zamu, aliyepaswa kumpokea leo, alikuwa amekwama kambini kwa wawindaji wa sili hadi kesho. Thibault angeruka ndani ya upepo unaogeuka, na kama hapatakuwa na mtu wa kumwambia umegeukia wapi, Leetia atakuwa amemfanyia yeye na wote walio nyuma yake lile ambalo Mosesie alikataa kulifanya. Kisha alimwona mama yake amemkumbatia mtoto kwa mikono miwili, kama mtu anayejua atanyang'anywa tena.

"Kiti changu mpeni mama," alisema. "Akalione kaburi. Na Jaipiti aende naye."

"Leetia." Mosesie alilitamka jina kama pigo la mwisho la siku ile. "Uliniahidi."

"Niliahidi, na nataka. Nani atamwambia upepo?" Alijaribu kutabasamu. "Wewe ungeondoka, zamu ikiwa haina mtu?"

Jibu walilijua wote wawili. Mosesie aliinama, akaweka pua yake katika shavu lake lililovimba, polepole asimuumize, akavuta pumzi, na Leetia akafumba macho.

Jaipiti alisimama mlangoni mwa ndege hajui mguu upi autangulize. "Miaka mitatu nimeapa," alimwambia dada yake.

"Basi vunja. Leo umevunja vingi."

Alitazama chini. "Nitamwona mama yake. Aliyemwosha dada yetu. Nitamuuliza wanataka nini kwa ajili yako. Ukienda, utakwenda kwa heshima, si kwa begi la chini ya meza." Kisha kwa sauti ndogo, "Mkono wako."

"Utapona. Panda."

Ndani ya kibanda Leetia alizishika ncha mbili za waya kwa mkono uliovimba, akaziunganisha, na redio ikafufuka. "Thibault, upepo umegeuka. Kaskazini magharibi, noti ishirini na sita. Ruka sasa." Ndege ilipita mbele ya dirisha, ikainuka, na kwenye kioo kidogo aliona viganja vinne, kimoja kidogo mno. Kisha dhoruba ikashuka juu ya Tasiujarjuk, na dirisha likawa jeupe.

Alikaa chini kati ya vigae vya kikombe. Alihesabu dakika kwa saa ya ukutani, akisimama, akikaa, akiomba kwa midomo iliyokauka Yule ambaye pepo zote ni zake. Dakika ya arobaini na moja ilipita. Ikapita ya hamsini. Ya sitini. Mlango ulipigwa na theluji kama ngumi. Simu ilipolia, nusura aiangushe.

"Nuvuktiq hapa," ilisema sauti, na haikuwa ya Mosesie. Ilikuwa ya kaka yake, imepasuka kwa kulia. "Mwenyewe anashonwa mdomo. Kaniambia niseme mimi."

"Mmefika."

"Tumefika. Mama kalala juu ya kaburi na mtoto mgongoni. Leetia, kutoka uwanjani hadi kaburini ni hatua mia tatu na kumi. Nimezihesabu." Akavuta kamasi. "Miaka yote hii nilidhani ni mbali."

Leetia aliuziba mdomo wake kwa kiganja.

"Mama yake Mosesie amekataa kutaja chochote. Anasema yeye alikwisha kupewa binti mmoja kutoka kwetu, anaomba wa pili akiwa hai." Karatasi ilisikika ikikunjwa. "Sasa nimeambiwa nikusomee hali ya hewa, nami naisoma kama nilivyoiona kwa macho yangu, siongezi wala sipunguzi. Upepo umetulia. Naona hadi mwisho wa dunia. Anga ni wazi, dada. Ile ndege ya kuzunguka iko Jumatano. Njoo."